Mashujaa kwia kwenye komiki za supahiro na fantasia: maswali yanayojirudia kila siku

Haya maswali yanarudi kila wakati, mengine watu wanauliza kwa sababu kweli wanataka kujua na mengine ni uchokozi tu, ila yote yana majibu kwa hiyo nimeyaweka pamoja. Sio lazima usome kuanzia juu mpaka chini, chagua swali lako, na nikikwambia nenda swali fulani basi nenda, sitaki kurudia kitu kimoja mara tano.

## Ya msingi kwanza

Tukisema mhusika kwia tunamaanisha nani?

Mwanaume anayependa wanaume (gei), mwanamke anayependa wanawake, anayependa kote kote, mtu wa trans (anayejiona wa jinsia tofauti na ile aliyohesabiwa alipozaliwa), na yule ambaye hajioni kuwa mwanaume wala mwanamke. Wote hao. Kwenye komiki ongeza na viumbe wanaobadilika maumbo, miungu, na hadi mtaa mmoja wenye akili zake mwenyewe, nitaufikia huko chini.

Nitajuaje mhusika ni kwia kweli na sio mafani wanajifurahisha tu?

Angalia kurasa zenyewe. Yaani kwenye hadithi, je anampenda mtu, anasema, anabusu, ana mpenzi mwenye jina na maisha yake, au tunaambiwa tu na mwandishi kwenye intavyuu wakati kitabu chenyewe kimekaa kimya? Hicho ndo kipimo changu na utakiona kinarudi huku kote, maana kampuni hizi zinapenda sana kutangaza kwenye magazeti kitu ambacho ukifungua kitabu unakuta ni picha mbili na nusu.

Kuna dokezo pia. Zamani dokezo lilikuwa njia pekee ya kupenya, mwandishi alikuwa hana ruhusa kusema wazi (soma swali la Kanuni hapo chini) kwa hiyo wanawake wawili wanaishi nyumba moja wanalea mtoto pamoja na hakuna anayeuliza. Hilo mimi naliheshimu. Dokezo la leo ambapo hakuna anayekataza chochote ni kitu kingine, huko ni kuuma na kupuliza, unawavuta wasomaji kwia wanunue alafu unawaambia wengine kwamba ni marafiki tu jamani.

Si ni ajenda mpya hii? Zamani mbona haikuwepo?

Ilikuwepo. Camelot 3000 ya DC (kampuni ya kina Superman na Batman, mpinzani wake mkubwa ni Marvel ya kina X-Men) ilitoka kuanzia 1982 hadi 1985, humo mashujaa wa Mfalme Arthur wanazaliwa upya mwaka 3000 na Sir Tristan anajikuta kwenye mwili wa mwanamke, anahangaika nao hadithi nzima na Isolde wake bado ni mwanamke vilevile, na mwisho wanakuwa pamoja. Maggie Sawyer, polisi wa Metropolis kwenye hadithi za Superman, 1987. Extraño, mchawi wa New Guardians, 1988. Pied Piper anamwambia Flash ukweli kwamba ni gei 1991. John Constantine anataja kwamba amewahi kuwa na wapenzi wa kiume 1992. Wengi wanaosema mambo haya yameanza juzi walikuwa hawajazaliwa.

Kilichobadilika ni kwamba zamani walikuwa pembezoni, leo mmoja wao anavaa herufi S kifuani. Hapo ndo kelele zilipoanzia.

## Historia, na kwa nini ilichelewa

Kanuni ni nini na ilikataza nini?

Mwaka 1954 daktari wa akili wa Marekani anaitwa Fredric Wertham alitoa kitabu akidai komiki zinaharibu watoto, ndani yake akasema Batman na Robin ni ndoto ya wanaume wawili wapenzi wanaoishi pamoja na akamtia Wonder Woman kwenye kundi hilohilo. Mwaka huohuo Seneti ikaita kikao kuhusu komiki na uhalifu wa vijana. Wachapishaji wakaogopa serikali isije ikawatungia sheria, wakaamua kujifunga wenyewe, ikazaliwa Comics Code, hiyo ndo tunaita Kanuni.

Sasa hapa watu wengi wanakosea, Kanuni haikuwa sheria. Hakuna mtu angefungwa. Ilikuwa ni muhuri kwenye jalada, na wasambazaji wakawa hawapokei komiki isiyo na muhuri, kwa hiyo bila muhuri kitabu hakifiki kwenye meza ya muuza magazeti na kampuni inakufa njaa. Moja ya vifungu ilikataza kile walichokiita upotovu wa kijinsia na hata dokezo lolote la hicho kitu. Ndo maana nikasema dokezo la enzi zile ni ujasiri, maana lenyewe pia lilikuwa marufuku.

Kichekesho chake ni Batwoman. Aliingizwa 1956, Kathy Kane, tajiri mwenye pikipiki anayemtamani Batman, na wanahistoria wengi wa komiki wanamsoma kama jibu kwa Wertham, yaani mwanamke wa kuzima maneno ya watu. Miaka 50 baadae, 2006, DC wakamrudisha akiitwa Kate Kane, Myahudi, msagaji. Sijui Wertham angesema nini.

Kwa hiyo Batman na Robin walikuwa wapenzi au la?

Kwenye kurasa hapana. Hakuna ushahidi zaidi ya macho ya Wertham. Kama unauliza kuhusu Robin huyu wa siku hizi, nenda swali la Tim Drake.

Kanuni iliisha lini?

Ilikufa polepole. 1971 ikalegezwa kwenye mambo mengine, mazimwi na dawa za kulevya, lakini kifungu cha kwia kikabaki, kikaja kuondoka kwenye marekebisho ya 1989. Marvel wakaachana na Kanuni 2001, DC na Archie 2011, hapo ikawa imekwisha kabisa.

Ila kilichoiua hasa ni maduka maalum ya komiki. Yalipoanza kushamiri kina DC wakaweza kuuza moja kwa moja kwa duka bila kupitia meza ya magazeti, kwa hiyo muhuri ukapoteza meno. Camelot 3000 niliyoitaja juu iliuzwa kwa njia hiyo, ndo maana Sir Tristan aliwezekana 1982 wakati Marvel kwenye X-Men walikuwa bado wanajificha.

Northstar ndo supahiro gei wa kwanza?

Inategemea unahesabuje, ila ndiye wa kwanza wa Marvel kusema kwa mdomo wake, na kwa wengi ndo jibu sahihi. Jean-Paul Beaubier, Mkanada, anatoka timu ya Alpha Flight, alionekana mara ya kwanza 1979. John Byrne aliyemchora na kumwandika alishakusudia tangu mwanzo awe gei, lakini Marvel ya wakati ule chini ya Jim Shooter haikutaka kabisa, basi Byrne akaishia kutupia vidokezo.

1992 kwenye Alpha Flight namba 106, mwandishi Scott Lobdell, ndo akasema. Hadithi yenyewe inahusu mtoto mchanga mwenye UKIMWI ambaye Northstar amemwokota, na shujaa mzee ambaye mwanawe gei alikufa kwa ugonjwa huo bila dunia kujali. Ukiisoma leo utaona ni ya kupiga kelele mno, watu wanahutubiana huku wanarushiana makonde, lakini kwa wakati wake ilikuwa habari kubwa. Alafu baada ya hapo Marvel wakanyamaza miaka mingi kama vile hakijasemwa kitu. Ndoa yake na Kyle Jinadu ikaja 2012, Astonishing X-Men namba 51, mwandishi Marjorie Liu, kumbuka hilo jina tutakutana nalo tena kwenye fantasia.

Kwa nini kila mtu anasema X-Men ni hadithi ya watu kwia?

Kwa sababu X-Men ni mutanti, yaani watu wenye nguvu za ajabu, na mutanti anazaliwa hivo, anajigundua akiwa balehe, anaficha kwa wazazi, wazazi wakijua wengine wanamfukuza, alafu anaenda kukuta wenzake wanaishi nyumba moja. Miaka ya 1990 wakaongeza na kirusi kinachoua mutanti, kila msomaji akaelewa wanazungumzia nini.

Ila mimi hapa nina neno. Mafumbo ni mazuri lakini kwa miongo mingi Marvel walijificha nyuma yake, mutanti wote wanabaguliwa kama watu kwia ila mutanti kwia mwenyewe hayupo. Tena fumbo lina tobo, mutanti anaweza kulipua jengo kwa macho kwa hiyo jirani akiogopa ana sababu. Mtu gei halipui kitu.

## Wahusika wanaoulizwa zaidi

Superman ni gei?

Clark Kent hapana. Ni mwanawe, Jon Kent, ambaye naye anavaa S na anaitwa Superman. Oktoba 2021 DC walitangaza kwamba anapenda jinsia zote mbili, na mwezi uliofuata Superman: Son of Kal-El namba 5 ikatoka, ya Tom Taylor na John Timms, humo anambusu Jay Nakamura ambaye ni mwandishi wa habari. Kwa kipimo changu cha kurasa alifaulu, Jay alikuwa na kazi, na mama, na msimamo wake wa kisiasa, hakuwa pambo.

Na Robin?

Robin wako wengi. Unayemuuliza ni Tim Drake, wa tatu. 2021 kwenye Batman: Urban Legends namba 6, mwandishi Meghan Fitzmartin, rafiki yake wa zamani Bernard Dowd anamwomba waende deti na Tim anakubali, basi, hakuna hotuba, ni moja ya kurasa tulivu na nzuri zaidi za aina hii. Waliosema imetoka hewani wanasahau Bernard alishakuwepo kwenye hadithi za Tim tangu miaka ya 2000. Mfululizo wake mwenyewe uliofuata uliishia namba 10 tu, sababu za namna hiyo nimezieleza kwenye swali la mauzo.

Wonder Woman je?

2016 mwandishi Greg Rucka alisema kwenye intavyuu kwamba ndiyo, kisiwa cha wanawake watupu kilichokaa maelfu ya miaka, ulitegemea nini? Mantiki ninaikubali asilimia mia. Lakini kwenye kurasa zake kwa muda mrefu kuna mpenzi wake wa kiume Steve Trevor na yale mengine ni kwa mbali. Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo lakini bado hajalipwa haki yake. Waamazoni wenzake, yaani wanawake wa kisiwa hicho, siku hizi wana hali bora kuliko yeye, Nubia kwa mfano ana mpenzi wake Io.

Na kwa wanaopenda habari za nyuma ya pazia, aliyemtunga mwaka 1941, William Moulton Marston, aliishi nyumba moja na mkewe Elizabeth na Olive Byrne, watatu pamoja na watoto wao, na Marston alipofariki wale wanawake wawili wakaendelea kuishi pamoja miaka mingi sana.

Harley Quinn na Poison Ivy ni marafiki au wapenzi?

Wapenzi. Harley alizaliwa kwenye katuni ya Batman ya 1992, Ivy ni wa zamani zaidi, 1966. Waliwekwa pamoja kwenye katuni wakawa na kemia ambayo hakuna edita angeweza kuizima, miaka ikaenda dokezo juu ya dokezo, 2015 waandishi wake wakathibitisha mtandaoni, 2017 wakabusiana kwenye komiki ya Harley, na katuni yake ya watu wazima iliyoanza 2019 ikawaunganisha rasmi. Ninachopenda ni kwamba Ivy ndo njia ya Harley kutoka kwa Joker aliyekuwa akimpiga. Mapenzi yao yana kazi kwenye hadithi.

Iceman amekuwaje gei wakati alikuwa na magelfrendi?

Swali la kawaida na jibu lake ni jepesi, wanaume wengi gei wamewahi kuwa na magelfrendi. Bobby Drake, ndo Iceman mwenyewe wa X-Men, yupo tangu 1963 na mahusiano yake yote yalikuwa hayaendi popote, msomaji makini alishaanza kujiuliza.

Tatizo langu liko kwingine, kwenye namna. 2015, All-New X-Men namba 40, Jean Grey anasoma mawazo yake na kumwambia wewe ni gei. Ye ndo anamwambia! Mtu ananyang'anywa neno lake mwenyewe na rafiki mwenye uwezo wa kuingia kichwani, alafu Bobby akiuliza kama labda anapenda kote anakatwa juu kwa juu. Hiyo ilitakiwa iwe kosa kwenye hadithi na ikapita kama utani. Mfululizo wake wa 2017 ulioandikwa na Sina Grace ulirekebisha mengi, hasa kurasa za wazazi wake.

Mystique na Destiny ni nini hasa?

Ni wanawake wawili kwenye hadithi za X-Men, ni mke na mke, na ni wazazi, na hii ndo hadithi ya subira kuliko zote. Destiny aliingia 1981. Chris Claremont, mwandishi wa X-Men, aliwaandika kama wapenzi kwa miaka bila kuruhusiwa kusema, walimlea Rogue wa X-Men pamoja. Wazo lake jingine lilikuwa kwamba Nightcrawler, naye wa X-Men, ni mtoto wao wa damu, Mystique si anabadilika umbo, basi ye ndo baba na Destiny ndo mama. Haikupita. Badala yake baadae Marvel wakatunga baba mwingine, shetani fulani hivi, hadithi mbovu ambayo mafani walikuwa wanajifanya hawajaisoma.

Novemba 2023 kwenye X-Men Blue: Origins, mwandishi Si Spurrier, wazo la Claremont likarudishwa kuwa ukweli rasmi. Miaka zaidi ya 40 tangu Destiny aingie. 2024 ikatoka na toleo la harusi.

Wiccan na Hulkling, na ile habari ya Brazili ni ya kweli?

Ya kweli kabisa. Hawa ni wavulana wawili wa Young Avengers, timu ya Marvel, wameanza 2005, wapenzi tangu mwanzo, ila busu lao la kwanza kuchorwa lilisubiri mpaka 2012, Avengers: The Children's Crusade namba 9. Miaka saba! Vijana wa streti, yaani wasio kwia, kwenye komiki hiyohiyo walikuwa wanabusiana kila kona.

Sasa Septemba 2019, meya wa Rio de Janeiro, Marcelo Crivella, akaagiza kitabu hicho kiondolewe kwenye maonyesho ya vitabu ya jiji kwa sababu ya lile busu. Matokeo yake nakala zikaisha, gazeti la Folha de S.Paulo likachapa busu lenyewe ukurasa wa mbele, mtu maarufu wa YouTube Felipe Neto akanunua vitabu 14,000 vyenye mada za LGBT akavigawa bure, na Mahakama ya Juu ya Brazili ikamzuia meya. Komiki ya miaka saba iliyokuwa imesahaulika ikawa habari ya dunia nzima. Hawa wawili walioana 2020, na Hulkling akawa mfalme wa himaya ya anga.

Loki ni mwanaume au mwanamke?

Vyote, na sio kwa uzushi wa Marvel. Kwenye visasili vya zamani vya watu wa kaskazini Loki anajigeuza farasi jike na kuzaa mtoto mwenye miguu minane. Mwandishi Al Ewing kwenye Loki: Agent of Asgard ya 2014 alichofanya ni kuchukua jambo hilo kwa uzito tu.

## Fantasia, mbali na makepu ya masupahiro

Mimi sipendi supahiro, napenda mapanga na uchawi. Kuna kitu?

Kipo, tena kwa maoni yangu huku ndo kuzuri zaidi. Sababu ni ya kibiashara, komiki nyingi za fantasia ni mali ya aliyeziandika, hakuna edita analinda mhusika wa miaka 80 anayeuzwa kwenye mashati na midoli, kwa hiyo mwandishi akitaka malkia apende mwanamke anaandika tu na maisha yanaendelea.

Monstress ya kampuni ya Image, imeanza 2015, Marjorie Liu yule wa harusi ya Northstar na mchoraji Sana Takeda. Vita, paka wanaoongea, pepo anaishi ndani ya mkono wa msichana, dunia ambayo wanawake ndo majenerali na wachawi na wauaji na mapenzi kati yao hayahitaji maelezo. Ni nzito na ya kikatili, usimpe mtoto. Liu mwaka 2018 akawa mwanamke wa kwanza kupata tuzo ya Eisner, tuzo kubwa ya komiki, ya mwandishi bora.

The Wicked + The Divine, 2014 hadi 2019, miungu wanazaliwa upya kama mastaa wa pop na wanakufa ndani ya miaka miwili, karibu kila mtu humo ni kwia wa namna yake. Rat Queens kwa wanaopenda kucheka na kulewa na kuua majitu.

Nimona je, kitabu na filamu ni kitu kimoja?

Hapana. ND Stevenson alianza kuichora mtandaoni 2012, kitabu kikatoka 2015. Kwenye kitabu mapenzi ya wanaume wawili, Ballister na Ambrosius, yapo ila yamefichwa kwenye uchungu wa zamani, kwenye filamu yako wazi tangu mwanzo. Filamu nusura ife, studio ya Blue Sky iliyokuwa inaitengeneza ilifungwa na Disney 2021, ikaokolewa na kuishia Netflix 2023. Na Nimona mwenyewe, msichana anayebadilika kuwa simba, nyangumi, mvulana, wasomaji trans walijiona pale mapema sana. Stevenson mwenyewe baadae akajitambulisha kuwa trans. Ukiniuliza mimi filamu ina moyo mkubwa zaidi ila kitabu ndo chenye meno.

Na Korra na Asami?

Katuni yao, The Legend of Korra, iliisha 2014 wasichana hawa wawili wameshikana mikono wanaangaliana, zaidi ya hapo televisheni haikuwaruhusu. Komiki ya Turf Wars ya 2017 ndo inaendelea kuanzia dakika ileile, wanabusiana, wanawaambia wazazi, na tunapata kujua Kyoshi, shujaa wa zamani aliyemtangulia Korra, naye alipenda wanawake.

Manga inahesabika?

Komiki za Kijapani? Inahesabika na kwenye mengi ilitangulia. Princess Knight ya Osamu Tezuka ya 1953 ina binti mfalme mwenye mioyo miwili, wa kike na wa kiume, ndo kwanza mwaka mmoja kabla Marekani haijaandika Kanuni yake. Sailor Moon miaka ya 1990 ina Uranus na Neptune, wapenzi bila kificho, na waliotafsiri katuni hiyo kwa Kiingereza wakawafanya mabinamu! Matokeo ni mabinamu wanaotazamana kwa macho ambayo hakuna binamu anatakiwa kumtazama mwenzake.

## Ubishi

Kwa nini wasitunge wahusika wapya badala ya kubadilisha wa zamani?

Wanatunga, hamnunui. Samahani lakini ndo ukweli, wahusika wapya wa aina yoyote kwenye Marvel na DC wanakufa haraka, msomaji anamfuata anayemjua. Ila wako waliofanikiwa, America Chavez wa 2011 amefika mpaka kwenye filamu.

Alafu hili neno kubadilisha liangaliwe vizuri. Northstar na Mystique hawakubadilishwa, walitungwa hivo wakazuiwa. Kinyume chake kipo, wanaume wawili Shatterstar na Rictor walibusiana 2009 kwenye X-Factor ya Peter David na Rob Liefeld, mmoja wa waliomtunga Shatterstar, akalalamika hadharani kwamba hakumtunga awe hivo. Kwangu mimi hoja ya mtunzi haiwezi kutumika pale tu inapokufaa, kama unamsikiliza Liefeld msikilize na Claremont.

Ni kweli komiki za kwia haziuzi?

Mifululizo mingi inayohusu mhusika mmoja asiye Batman wala Spider-Man inafutwa kabla ya namba 20, kwia au siyo. Kinachoua ni kwamba kampuni inatangaza kwa kelele, inatoa vitabu vichache, inafuta, alafu lawama anabebeshwa mhusika. Upande wa vijana, vitabu vya maktaba na vya mtandaoni, hali ni nyingine kabisa, Lumberjanes ilianza 2014 ikaenda mpaka namba 75.

Kwa nini wahusika kwia wanauawa sana?

Kwa sababu kwa miaka mingi walikuwa wa pembezoni na wa pembezoni ndo wanakufa ili shujaa mkuu ahuzunike. Mwaka 2005 Northstar aliuawa kwenye dunia tatu tofauti za Marvel. Freedom Ring, kijana gei aliyepewa pete ya nguvu, akachinjwa 2006 hata hajajifunza kuitumia. 2012 DC walimfanya Alan Scott, Green Lantern wa mwanzo kabisa, kuwa gei kwenye Earth 2, na mpenzi wake Sam akafa kwenye ajali ya treni palepale kwenye utambulisho, yaani pete ya uchumba ilikuwa mfukoni. Mwandishi Perry Moore alikusanya orodha ya vifo na mateso ya namna hii alipokuwa anaandika riwaya yake ya 2007, ni ndefu inachosha.

Batwoman alikatazwa kuolewa?

Ndiyo. Kate alimchumbia Maggie Sawyer 2013, kwenye kurasa, wote tukafurahi. Septemba mwaka huohuo waandishi wake J.H. Williams III na W. Haden Blackman wakajiuzulu kwa sababu DC iliwakataza kuwaozesha. Dan DiDio, bosi wa DC wakati huo, akajibu kwamba mashujaa kwenye familia ya Batman hawatakiwi kuwa na maisha ya raha, iwe ndoa ya nani. Nusu namuelewa, Batman mwenyewe naye alikuja kuachwa siku ya harusi. Nusu nyingine inaniambia kwamba wahusika wa streti wana ndoa nyingine mia za kuangalia, hawa walikuwa na moja. Ukitaka kumjua Kate anza na Batwoman: Elegy, alifukuzwa chuo cha jeshi West Point kwa sababu alikataa kudanganya kuhusu yeye ni nani, na michoro ya Williams ni balaa.

Kwa nini sinema ziko nyuma hivi?

Soko. Komiki inasomwa na wachache, filamu inatakiwa irudishe mamia ya mamilioni kutoka nchi nyingi ambazo baadhi zitakata au kuzuia. Eternals ya 2021 ilikuwa na Phastos mwenye mume na mtoto, haikuonyeshwa Saudi Arabia, Kuwait na Qatar. Mwaka uliofuata Saudi Arabia waliomba sekunde kama 12 za mama wawili wa America Chavez ziondolewe kwenye Doctor Strange, Disney wakakataa. Sekunde 12 tu, na studio nyingi huwa zinaandika matukio mafupi hivo makusudi ili yakatike kirahisi.

## Ya pembeni

Wahusika trans mbona wachache, na wanaobadilika maumbo wanahesabika?

Wachache kweli. Coagula wa Doom Patrol, timu ya DC, 1993, alitungwa na Rachel Pollack ambaye mwenyewe alikuwa mwanamke trans, na inaonekana, Kate Godwin (ndo jina halisi la Coagula) ana ucheshi na hasira na mwili ambao haombi radhi. Alysia Yeoh, rafiki wa Batgirl, alisema wazi 2013. Dreamer alianzia kwenye televisheni 2018, akichezwa na Nicole Maines, alafu akaingia komiki.

Wanaobadilika maumbo nawahesabu kwa tahadhari. Xavin wa Runaways, kiumbe cha sayari nyingine, alijigeuza mwanamke ili ampendeze Karolina, msichana anayependa wasichana, kama vile jinsia ni shati. Kuna uhuru fulani humo lakini mtu trans halisi hana kitufe cha kubonyeza, kwa hiyo kampuni isijihesabie imemaliza kazi kwa sababu ina kiumbe cha sayari nyingine.

Ule mtaa je?

Danny the Street, Doom Patrol, 1990, Grant Morrison. Ni mtaa mzima wenye fahamu, unahama usiku na kujipachika kwenye miji, maduka yake ya bunduki yana mapazia ya pinki, unaongea kwa vibao na vioo vya maduka na unahifadhi kila aliyekataliwa kwingine. Sina la kuongeza, katafute.

Kampuni ikianza hadithi upya, mhusika anaweza kufutiwa ukwia wake?

Hawajathubutu kumrudisha mtu maarufu kuwa streti moja kwa moja, ila mahusiano yanafutwa kila siku. Mfano mzuri ni Apollo na Midnighter, mfano wa Superman na Batman kama wangekuwa wapenzi, walioanza 1998 na kuoana 2002 na kulea mtoto. DC walipoanza upya 2011 ndoa ikapotea, wakakutana kama watu wasiojuana, mafani tukasaga meno. Mwandishi Steve Orlando akaja akaigeuza hasara hiyo kuwa hadithi, 2015 Midnighter yuko peke yake ameachana na Apollo, anatoka na wanaume wengine, anakosea, na 2016 kwenye Midnighter and Apollo wamerudiana, Apollo anauawa na mwenzake anashuka mpaka kuzimu kumfuata. Ina namba 6 tu, na huhitaji kusoma kitu kingine kabla yake.